Watu wa Zamu: Historia ya Mji wa Potosí

Nyanda za juu za kusini mwa Bolivia si mahali ambapo mtu mwenye hiari yake angekwenda kujenga mji. Ni zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kiasi kwamba mgeni hupanda ngazi chache akatweta, usiku maji huganda, na miti ni adimu. Kinachoota kwa wingi ni ichu, nyasi ngumu za rangi ya manjano. Zamani mahindi na ngano vilitoka mabondeni, safari ya siku kadhaa. Hata hivyo, hesabu iliyofanywa mwaka 1611 ilisema mji huo una watu 160,000. Wapo wanahistoria wanaoipunguza hesabu hiyo, lakini hata baada ya kuipunguza, Potosí unabaki kuwa mmoja wa miji mikubwa ya himaya yote ya Hispania ya wakati huo.

Sababu ilikuwa mlima. Wahispania waliuita Cerro Rico, yaani Mlima Tajiri. Ni mwekundu, umechongoka, na kilele chake kinakaribia mita 4,800. Vitabu vingi husimulia habari za Potosí kama habari za mlima huo: fedha iliyotoka, wafalme walioitumia, merikebu zilizoibeba. Kwangu mimi simulizi hiyo inaanzia mahali pasipo penyewe. Mlima haukumpa mtu kitu kwa hiari. Kila wakia ya fedha ilitolewa na mtu aliyeingia shimoni, ikasagwa na mwingine, ikachenjuliwa na wa tatu. Na tangu siku ya kwanza, ugomvi wa Potosí umekuwa ni huu: nani anaijua kazi, na nani ana nguvu ya kumwamuru mwenzake aingie.

Mtu wa kwanza tunayemjua kwa jina katika kazi hiyo si Mhispania. Ni Diego Huallpa, mwenyeji aliyekuwa akifanya kazi katika machimbo ya Porco, ambako Wainka walichimba fedha kabla ya Wahispania kufika. Huallpa ndiye aliyeligundua jiwe lenye fedha juu ya mlima. Kama kawaida ya siri za aina hiyo, ilipita kwa mwenzake, na mwenzake akaifikisha kwa bwana wake, Juan de Villarroel. Mwaka 1545 Wahispania wakajitwalia mlima. Baadaye ilienea hadithi kwamba zamani Wainka walitaka kuchimba hapo, mlima ukanguruma na sauti ikawaambia waache, kwa kuwa fedha ile imewekewa watu wengine. Ni hadithi iliyowafaa mno hao watu wengine.

Ila kuumiliki mlima na kuitoa fedha yake ni mambo mawili. Wahispania walileta tanuri zao zenye mivukuto, zikashindwa kuyeyusha mawe ya Potosí. Waliofaulu ni wenyeji, kwa chombo chao kiitwacho huayra. Hii ilikuwa tanuri ndogo ya udongo, iliyotobolewa matundu pande zote, ikawekwa kwenye kingo za vilima ambako upepo wa jioni huvuma kwa nguvu. Ndani waliweka mawe ya madini pamoja na samadi kavu ya lama, yule mnyama wa mizigo wa milima ya Andes, wa jamii ya ngamia lakini hana nundu. Upepo ulifanya kazi ya mivukuto. Usiku huayra kwa maelfu ziliwaka kwenye miteremko, na waandishi waliofika miaka hiyo walisimulia jinsi mlima ulivyojaa mioto.

Hivyo kwa robo karne ya mwanzo bwana wa mgodi alikuwa Mhispania, lakini ujuzi ulikuwa mikononi mwa mwenyeji. Wachimbaji walikubaliana na mwenye mgodi kumpa kiasi fulani cha madini, na kilichozidi kilikuwa chao. Wake zao waliyapeleka mawe sokoni, wakayauza kwa wayeyushaji, nao wayeyushaji wakauza fedha kwa yeyote aliyeitaka. Pedro Cieza de León, askari aliyegeuka kuwa mwandishi wa habari za Peru, aliliona soko hilo mwaka 1549 akalistaajabia. Wanawake wa Kiandes waliketi mistari kwa mistari wakiuza majani ya koka, mahindi, pombe, nguo na mawe ya fedha, bila kelele nyingi. Baadhi yao walipata mali, wakanunua nyumba, wakaandikisha wosia mbele ya karani wa serikali. Nyaraka hizo zimehifadhiwa, na ni miongoni mwa mambo ya Potosí yanayonigusa zaidi: mwanamke asiyejua kuandika anaorodhesha shali zake, madeni anayowadai watu, na nani arithi duka.

Nisiupambe wakati huo. Mwaka 1550 padri wa Kidominika, Domingo de Santo Tomás, aliandika Hispania kwamba Potosí ni mdomo wa jehanamu unaomeza watu kila mwaka kwa ajili ya uchu wa Wahispania. Lakini kulikuwa na nafasi ya kupumua, na nafasi hiyo ilikuwa imesimama juu ya mawe mazuri. Mawe yale yalipokwisha, katika miaka ya 1560, nayo ikafikia mwisho.

Aliyeifunga ni Francisco de Toledo, makamu wa mfalme katika Peru, mtu mwenye akili kali na bidii isiyochoka. Alifika Potosí mwishoni mwa mwaka 1572. Aliukuta mji unaofifia, mawe yenye fedha haba yamerundikana kama takataka, na huayra nyingi zimezimika. Alifanya mambo mawili yaliyoubadilisha mji kwa miaka 250.

La kwanza lilikuwa zebaki. Miaka michache nyuma Wahispania walikuwa wamepata machimbo ya zebaki huko Huancavelica, kaskazini kabisa, katika Peru ya leo. Njia ya kuchenjua fedha kwa zebaki ilikwisha tumika Mexico, na mwaka 1572 ikajaribiwa Potosí ikafaa. Mawe yalisagwa kwa vinu vyenye nyundo nzito zinazoendeshwa na maji hadi yakawa unga. Unga ukatiwa maji, chumvi na zebaki, ukavurugwa, mara nyingi kwa miguu mitupu ya wafanyakazi, ukaachwa kwa wiki kadhaa. Zebaki ilinasa chembe za fedha. Baada ya hapo tope lilioshwa, donge likakamuliwa katika kitambaa, likachomwa hadi zebaki ikapaa kwa mvuke na kuacha fedha. Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Geita au Chunya ataitambua kazi hiyo mara moja, kwa kuwa kanuni yake ni ile ile anayoitumia leo. Mvuke nao ni ule ule, na ulitetemesha mikono na kung'oa meno ya watu wa Potosí kwa karne mbili na nusu.

Vinu vilihitaji maji, na Potosí haina mto wa maana. Ndipo yakajengwa mabwawa katika milima ya Kari Kari, mashariki ya mji, kuanzia miaka ya 1570. Kufikia miaka ya 1620 kulikuwa na mabwawa zaidi ya thelathini, yakiunganishwa kwa mifereji inayotiririka hadi kwenye mfereji mkuu uliokatiza mji, La Ribera, ambao kando yake vinu vilipangana. Mvua ya miezi michache ilihifadhiwa juu ya milima ili isage mawe mwaka mzima. Katika ujenzi wote wa Potosí, makanisa yake yakiwemo, huu ndio unaonistaajabisha kuliko mwingine. Kuta zile zilijengwa kwa mikono ya wenyeji, jiwe kwa jiwe, kwenye mwinuko ambao mtu hupungukiwa pumzi kwa kutembea tu.

Jambo la pili la Toledo lilikuwa mita, yaani kazi ya zamu. Wainka walikuwa na desturi ya jamii kutoa watu kwa zamu kwa ajili ya kazi za dola, nao waliofanya kazi walilishwa kutoka maghala ya dola. Toledo aliichukua desturi hiyo akaigeuza kuwa shokoa. Mikoa 16, kutoka karibu na Cuzco kaskazini hadi Tarija kusini, ilitakiwa kutoa kila mwaka mwanamume mmoja kati ya kila saba, wa umri wa miaka 18 hadi 50. Jumla ilikuwa watu wapatao 13,500 kwa mwaka. Waligawanywa mafungu matatu, kila fungu wiki moja shimoni na wiki mbili nje. Kwenye karatasi ilionekana kuwa na huruma, hata mshahara ulipangwa: reale tatu na nusu kwa siku kwa anayefanya kazi ndani ya mgodi.

Kwa hali halisi, mtu aliitwa zamu akaondoka na mke, watoto, lama wa kubeba chakula, na pengine asiuone tena ukoo wake. Kutoka pande za Cuzco safari ilichukua miezi miwili. Walipofika walipangwa katika vitongoji vya mabanda kwa kufuata walikotoka, kila kundi na parokia yake. Siku ya Jumatatu walihesabiwa chini ya mlima na kugawiwa kwa wenye migodi. Kisha waliingia, wakalala humo humo, wakatoka Jumamosi.

Padri Mjesuiti José de Acosta, ambaye kitabu chake kilichapwa mwaka 1590, alieleza jinsi mawe yalivyopandishwa. Ngazi ilikuwa ya kamba tatu nene za ngozi iliyosokotwa, na kati yake vijiti vya kukanyagia, ili wanaopanda wapite upande mmoja na wanaoshuka upande wa pili. Mbebaji alifunga mawe katika blanketi, kilo 20 na ushei, mzigo ukiwa mgongoni na fundo kifuani. Walipanda watatu watatu. Aliyetangulia alifunga mshumaa kwenye kidole gumba, na kwa kuwa mikono yote ilishika ngazi, mwanga huo mdogo ndio uliowaongoza wote watatu. Walipofika juu, jasho likiwa linatiririka, walipokewa na upepo wa baridi kali. Wengi walikufa kwa kikohozi cha mapafu, si kwa kuangukiwa na mwamba tu. Mshumaa wenyewe, mara nyingi, mfanyakazi aliununua kwa mshahara wake.

Watu hawakukaa tu wakingoja kuitwa. Njia ya kwanza ya kuikwepa zamu ilikuwa kuhama. Mita ilimdai mtu aliyeandikishwa kijijini kwao, kwa hiyo maelfu walihamia vijiji vya jirani, mashamba ya Wahispania, au ndani ya Potosí penyewe, wakawa wageni wasio na deni la zamu. Katika karne moja vijiji vingi vya mikoa ile 16 vilibaki mahame. Njia ya pili ilikuwa kulipa: chifu alikusanya fedha kijijini akampa mwenye mgodi badala ya mtu. Wenye migodi wengine waliipenda njia hii hata wakaacha kuchimba kabisa. Wale waliolipiwa waliwaita watu wa mfukoni, kwa sababu hawakuonekana shimoni ila mfukoni mwa bwana.

Fedha iliyopatikana ilishuka kwa msafara wa lama na nyumbu hadi bandari ya Arica, ikapanda merikebu kwenda Callao, kisha Panama, ikavuka nchi kavu na kusafiri tena hadi Seville. Nyingine ilifika Manila kutoka Acapulco na kumezwa na Uchina, ambako kodi ililipwa kwa fedha. Katika mji wenyewe kulikuwa na nyumba ya kugonga sarafu tangu miaka ya 1570, na waliogonga kwa nyundo, wakayeyusha na kukata vipande walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika watumwa. Wengi wao walitoka Angola na kuingizwa kwa njia ya Buenos Aires, wakatembezwa kwa majuma mengi hadi nyanda za juu. Mtumwa aligharimu pesa nyingi na mwenyeji wa zamu hakununuliwa, ndiyo maana Waafrika walionekana zaidi katika karakana za sarafu, majikoni na katika mafundi wa mji kuliko shimoni. Sarafu za aina ile, zilizogongwa Potosí, Mexico na Lima, zilizunguka dunia. Karne ya 19 riale ya Kihispania ilikuwa bado ikihesabiwa katika biashara ya Zanzibar.

Karne ya 17 ilikuwa ya misukosuko. Kuanzia mwaka 1622 hadi 1625 Wabaski, walioshikilia vinu na baraza la mji, walipigana mitaani na Wahispania wengine walioitwa Vicuña kwa sababu ya kofia zao za manyoya ya vicuña, mnyama wa Andes wa jamii ya lama. Tarehe 15 Machi 1626, siku ya Jumapili, ukuta wa bwawa la San Ildefonso ulipasuka. Maji yalishuka La Ribera na katika muda wa saa mbili hivi yalikwisha kuvisomba vinu vingi, pamoja na mabanda ya wafanyakazi yaliyokuwa bondeni. Katika miaka ya 1640 ikagundulika kwamba sarafu za Potosí zimechanganywa na shaba kupita kiasi, na wafanyabiashara wa Ulaya wakaanza kuzikataa. Mfalme alituma mkaguzi, Francisco Nestares Marín, na mwaka 1650 tajiri Francisco Gómez de la Rocha akanyongwa kwa kosa hilo.

Habari nyingi za mambo hayo tumezipata kwa Bartolomé Arzáns de Orsúa y Vela, mzaliwa wa Potosí wa mwaka 1676. Kwa miaka zaidi ya thelathini, hadi kifo chake mwaka 1736, aliandika historia ya mji wake mwaka kwa mwaka: visa vya mapenzi, miujiza, mauaji, sherehe, bei za vitu. Mengine aliyatia chumvi, na hesabu zake za watu waliokufa hazifai kuaminiwa bila kupimwa. Lakini alikuwa na sikio. Alisikiliza waliokuwa wakizungumza sokoni. Hati yake haikuchapwa kikamilifu hadi mwaka 1965.

Arzáns ndiye anayemsimulia Agustín Quespi, na kwa ajili ya kisa hicho kimoja namsamehe chumvi yote. Katika karne ya 18 kulikuwa na watu walioitwa k'ajcha. Jumamosi usiku, watu wa zamu wakishatoka na migodi kubaki kimya, k'ajcha waliingia na mishumaa na nyundo zao, wakachimba hadi alfajiri ya Jumatatu, wakabeba walichopata. Wenye migodi waliwaita wezi. Wao walishikilia kwamba kufanya kazi wikiendi ni haki ya desturi, na aliyetumwa kuwafukuza alipokewa kwa mawe ya kombeo. Quespi alikuwa kiongozi wao, hodari, mwenye kuogopwa na kupendwa. K'ajcha waliyasaga mawe yao katika vinu vidogo vya mkono, ambavyo vingi vilikuwa mali ya wenyeji na machotara, na katikati ya karne ile sehemu kubwa ya fedha iliyouzwa Potosí ilipita mikononi mwao. Wengi wao walikuwa ndio wale wale watu wa zamu, wakirudi shimoni usiku, safari hii kwa faida yao. Ndiyo maana nasema ujuzi haukuwahi kutoka kwa wenyeji. Matunda yake yaliporwa mchana, yakarudi Jumamosi usiku.

Mji wa wakati huo ndio unaoonekana leo. Jengo jipya la sarafu, Casa de la Moneda, lilikamilika mwaka 1773, na ndani yake bado zimo mashine za mbao zenye magurudumu ya meno makubwa, zilizozungushwa na nyumbu kutoka sakafu ya chini. Kwenye lango la kanisa la San Lorenzo, lililochongwa kati ya mwaka 1728 na 1744, wachongaji wa Kiandes waliweka jua, mwezi, nyota na nguva wanaopiga magitaa madogo.

Mita nayo ilizaa uasi. Mwaka 1780 Tomás Katari, chifu wa Chayanta kaskazini mwa Potosí, aliyekuwa ametembea hadi Buenos Aires kudai haki ya watu wake, aliongoza harakati dhidi ya maofisa wanyonyaji. Mwaka huo huo Túpac Amaru aliinuka upande wa Cuzco, na kukomeshwa kwa zamu za Potosí kulikuwa kati ya madai yake. Wote wawili waliuawa mwaka 1781. Bunge la Hispania, lililokutana Cádiz, lilipiga mita marufuku mwaka 1812, katikati ya vita vya uhuru ambavyo majeshi yake yaliuteka na kuupoteza mji mara kadhaa. Mwaka 1813 Jenerali Belgrano wa Buenos Aires, akirudi nyuma baada ya kushindwa, alikusudia kuilipua Casa de la Moneda, na mpango huo ukashindikana. Oktoba 1825 Simón Bolívar alipanda kilele cha Cerro Rico kusherehekea uhuru wa Amerika Kusini. Mji uliokuwa chini yake ulikuwa na watu wapatao elfu tisa tu.

Karne ya 19 naipita haraka, kwa kuwa mji wenyewe uliipita ukisinzia. Ulizinduliwa na bati, lililotupwa kando siku za fedha na sasa likatakiwa na viwanda vya makopo. Mauricio Hochschild, mmoja wa matajiri watatu wa bati wa Bolivia, alishika migodi ya Cerro Rico hadi mapinduzi ya mwaka 1952 yalipoitaifisha. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka, serikali ikafunga migodi yake, na zaidi ya wachimbaji 20,000 nchini kote wakakosa kazi.

Cerro Rico haukufungwa. Ulishikwa na vyama vya ushirika, maelfu ya wachimbaji wadogo wanaotafuta zinki, risasi, bati na fedha iliyosalia, kila kikundi na shimo lake, mapato kulingana na kilichotoka. Tofauti kati yao na k'ajcha wa Arzáns si kubwa. Huingia wakitafuna koka, na njiani humpa koka, sigara na pombe El Tío, sanamu ya udongo yenye pembe inayotawala chini ya ardhi. Wengi huugua mapafu wakiwa bado vijana. Kilele cha mlima kimeanza kudidimia kwa sababu ya mashimo ya miaka 480, na mwaka 2014 UNESCO iliuweka Potosí katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Serikali imepiga marufuku kuchimba juu ya mita 4,400. Wachimbaji wamekuwa wakiuliza wataishi kwa nini wakiondolewa, na wana haki ya kuuliza. Maji ya mabwawa ya Kari Kari bado yanatumika mjini.

Ugomvi wa nani afaidike nao haujaisha. Katika jimbo hilo hilo la Potosí, upande wa magharibi, kuna tambarare ya chumvi ya Uyuni, na chini yake lithiamu inayotafutwa na watengenezaji wa betri duniani kote. Mwaka 2019 serikali ya Bolivia ilikuwa na mkataba na kampuni ya Kijerumani kuichimba. Watu wa Potosí waliandamana, wakafunga barabara, wakidai mrabaha mkubwa zaidi ubaki jimboni. Mapema Novemba mwaka huo mkataba ulifutwa.